Mkanda wa Lebo Mbili

Nimempiga mtu hadi damu mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa sababu ya mkanda wa picha wa kamera. Walioshuhudia hapa Karatu wanasema nilitumia stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Ni kweli, sibishi.

Nina studio ndogo ya picha. Pasipoti, kipaimara, harusi, misiba. Siku hizi kila mtu na simu yake, lakini watalii vijana wameanza tena kupenda kamera za mkanda, na wakitoka kreta kutazama wanyama wanatafuta mtu wa kuwasafishia picha. Mtu huyo ni mimi. Nikanogewa, nikaitoa sandukuni kamera yangu ya zamani.

Mikanda nilinunua kwa jamaa mwenye duka barabara ya kwenda geti la hifadhi, anayeuza kofia, darubini na betri. Makopo ya mikanda yalikuwa na lebo mpya iliyobandikwa juu ya nyingine. Ukikwangua kwa kucha unaikuta ya chini, maandishi yamefutika. Nikamuuliza inatoka wapi. Mara ya kwanza akasema Ujerumani. Mara ya pili Dubai. Mara ya tatu akacheka: "Dada yangu, mtoto ameshazaliwa, wewe bado unauliza mimba?" Nikacheka na mimi, nikachukua miwili. Nilipokuwa natoka akaniita, "Hii ya safari hii ni tofauti kidogo. Kabla hujaisafisha pita hapa nikuelekeze."

"Unielekeze mimi? Wewe muuza kofia?" Nikaondoka zangu.

Mama alikuwa akiishi Oldeani, kwenye kahawa yake kidogo na mahindi. Baba alishatangulia. Baba yangu alikuwa na mkono mwepesi, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Alitupiga sote, na mama alipigwa kuliko sisi. Jumapili moja mama alikuwa anaongea na dada yake kwenye simu, akacheka kwa sauti. Baba akampokonya ile simu akaipigiza kwenye jiwe la kunolea mapanga, mara tatu, mpaka vioo vikamkata mwenyewe kiganja. Picha zetu zote zilikuwa humo. Alipokufa yeye, tulikuza ile ya kitambulisho ili iwekwe mbele ya jeneza, na uso ukatoka umevimba kama ugali usioiva.

Kwa hiyo mama, moyo ulipoanza kumsumbua na daktari kumwambia ukweli, alinipigia simu. "Sitaki kuzikwa na uso wa kitambulisho. Njoo unipige kwa mkanda. Simu inavunjwa. Mkanda utaufungia kabatini."

Nilikwenda. Kwenye kamera kulikuwa na mmoja wa ile mikanda miwili, umekaribia kuisha, nilikuwa nimeujaribu barabarani. Nilimkuta mama anatoka kwenye banda la kuku na kanga ya jikoni. Alipoona kamera akapiga ukelele: "Ala! Usinipige hivi nilivyo! Ngoja nivae!" Akageuka kuingia ndani. Nikabonyeza tu, kwa utani, mkanda ukaisha. Nikapachika wa pili.

Akatoka na kitenge cha akina mama wa kanisani, kilemba kimekaa. Akaketi kigodani. Nilimpiga picha thelathini na sita. Akinuna, akicheka, ameshika kikombe, ameshika jogoo. "Mbona umeikamata kamera kama panga?" akanitania. "Hasira za baba yako ziache hapo getini, mwanangu. Hasira hasara." Nikamwambia, aayo, kaa sawa. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw. Nilikuwa na furaha siku ile, nasema wazi.

Mama akafariki Jumanne iliyofuata. Maziko yakapangwa Jumamosi. Kaka yangu mkubwa akauliza jambo moja tu: "Picha ipo?"

"Ipo," nikamjibu.

Alhamisi asubuhi nikaanza na ule mkanda wa majaribio, ili nione dawa yangu iko sawa kabla sijagusa wa mama. Nikafuata lebo neno kwa neno. Ulitoka mweusi kama tako la sufuria. Dawa iligeuka wino, vidole vyangu vikajaa masizi, na nilipouinua dirishani sikuona kitu. Hata mstari. Nikapiga hesabu. Mikanda hii miwili imetoka kwa mtu mmoja, siku moja. Basi na wa mama ni hivihivi. Mwizi huyu ameniuzia takataka, na mama yangu hana uso.

Nikatia kopo la mama mfukoni, nikachukua stendi, nikaenda.

Hakupata hata nafasi ya kunisalimia. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni. Jino lilianguka juu ya kioo cha kaunta, nikalisikia. Alijaribu kujikinga na mikono, nikamtandika vidoleni. Nilikuwa namtukana na baba yake na babu yake. Kofia zikamwagika, darubini zikapasuka, naye akaanguka chini akiniita, "Dada! Dada, subiri!" Dereva mmoja wa watalii alinishika kiunoni, nikamng'ata mkono. Walihitajika watu watatu kunitoa nje.

Na mimi bado sijatosheka. Nikatoa kopo la mama mfukoni, mbele ya watu wote, juani saa tano. "Oneni! Oneni anachowauzia!" Nikashika ncha, nikauvuta mkanda wote hadi mwisho. Mgongo wake ulikuwa mweusi tii. "Si huo! Na huu nao mweusi!"

Yule jamaa alikuja mlangoni akitambaa. Akatema damu.

"Dada, huo weusi ni wa nje tu. Hata mimi sijui, nadhani ni mikanda ya kupigia sinema, wanaikata. Unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na magadi, unatoka wote. Si nilikuambia upite nikuelekeze?" Akautazama mkanda uliokuwa unaning'inia mkononi mwangu. "Huo ulikuwa bado hujausafisha? Si jua limeshaula wote?"

Nikaanza kuukunja haraka, niurudishe koponi.

"Ni wa nani?"

"Wa mama."

"Ee Mungu wangu," akasema, akajifunika mdomo kwa ile mikono niliyoivunja.

Tulikwenda studio pamoja, yeye na kitambaa mdomoni. Magadi aliyaomba kwa mama wa jirani anayepika makande. Akanionyesha kuyakoroga, kwa sababu vidole vyake havikukunjika, nikaufuta ule mkanda wa kwanza kwa sifongo. Masizi yakatoka kama uji. Chini yake picha zilikuwa safi kabisa. Barabara. Ng'ombe wanavuka. Gari la maziwa. Na ya mwisho, mgongo wa mama mlangoni, mkono kwenye fremu, kisigino kimepasuka, anakwenda kuvaa.

Jumamosi mjukuu alitangulia mbele ya jeneza amebeba uso wa kitambulisho. Kaka hakunisemesha. Yule jamaa alikuja, mdomo umevimba, akashika koleo kwa mkono mmoja, na watu walipomuuliza amepatwa na nini alisema ameanguka. Tulimzika mama kando ya baba.

Ule mkanda ulitengenezwa wapi sijui mpaka leo. Picha ya mgongo nimeitundika studio. Wateja huniuliza huyu mama ni nani na mbona hageuki. Nawaambia ni mama yangu, ameingia kuvaa ili nimpige picha, na kwamba alitoka, amependeza, na nikamharibu kwa mikono yangu.