Mahali pa Bibi Fidencia

Kila mwaka, mvua zilipokolea, Otilia Yescas alichukua kapu lake na kushika njia isiyo yake. Ndivyo tufanyavyo wachuma uyoga wa milima ya Oaxaca, Mexico: anayekuona ukienda mashariki adhani uyoga wako uko huko, kumbe uko kwingine. Bibi yake Fidencia ndiye aliyegundua uyoga mweupe chini ya misonobari fulani. Mume wa Otilia alikufa bila kupajua mahali hapo. Palikuwa urithi pekee wa binti yake, Casilda.

Mwaka mmoja muuguzi alimwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, kwa sababu ya kisukari. Aligusa "Nakubali" mara tatu bila kusoma.

"Shoga, leo hatua ngapi?" jirani yake Nicanora alimtania. "Au simu inatembea, wewe umelala?"

"Nyamaza, mvivu wee! Zako zinaishia jikoni."

Siku moja, akiwa amepiga magoti penye uyoga, simu ilitetemeka ndani ya mshipi wake. Iliandika: *Umefika hapa mara saba. Mahali hapa panaitwaje?*

Otilia alitazama nyuma. Ukungu mtupu. Kwetu, mwenye mlima, roho anayeulinda, akikuuliza unajibu kwa adabu; ukinyamaza, anakupoteza. Akaandika: *Mahali pa Bibi Fidencia.* Simu ikamshukuru.

Wiki iliyofuata Nicanora alikuja mlangoni bila utani.

"Kuna wageni sokoni wanauliza njia ya kwenda Mahali pa Bibi Fidencia. Huyo si bibi yako, marehemu?"

"Ukawaambiaje?"

"Kwamba hakuna mahali kama hapo. Wakacheka, mwenzangu. Wakanionyesha kwenye ramani ya simu."

Otilia alipanda mlima moja kwa moja, kwa mara ya kwanza bila kuzunguka. Udongo ulikuwa umepekuliwa kwa reki hadi kwenye mizizi. Hapakuwa na mtu, wala ndege hakulia. Simu ikatetemeka: *Watu tisa wapo hapa sasa.*

"Nani?" aliita.

Tawi likavunjika kushoto kwake. Kisha jingine, kulia.

Alirudi na kapu tupu. Casilda alikuwa akipuliza moto.

"Mama, si ulisema mwaka huu utanipeleka?"

Kabla Otilia hajaweka kapu chini, simu ilitetemeka. *Leo umeondoka mapema. Kuna nini?*

Mara hii Otilia hakujibu. Ikauliza tena.