Nje ya Ua wa Minyaa

Nikisikia harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa yakiwa bado na maji ya mvua, siwazi shamba wala malisho, nawaza makaburi. Kwetu Usoke, kijiji cha reli magharibi ya Tabora, Kwaresima iliangukia miezi ya mvua za mwisho, wakati majani yalipompita mtoto kimo, na kazi kubwa ya ushirika wetu wa Kimoravian ilikuwa kuyasafisha makaburi ili Pasaka iwakute wafu wetu mahali safi. Wanaume walifyeka, wanawake wakapalilia kwa majembe, na sisi watoto tulibeba udongo mweupe kutoka bondeni, ukakorogwa na maji na kupakwa kwenye matofali yaliyozunguka kila kaburi. Makaburi yote yalikuwa ndani ya ua wa minyaa, na tulionywa tusivunje vijiti vyake maana utomvu wake hupofua macho. Upande wa pili wa ua ilipita njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji, na ilisemekana kwamba wapagazi waliokufa safarini walifukiwa pembeni mwake bila jina wala alama. Zilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa msichana wa miaka kama tisa.

Kwaresima ilikuwa na ukimya wake. Tarumbeta za kanisa zilitiwa kwenye magunia na kutundikwa, harusi hazikufungwa, na ngoma ikisikika kutoka ng'ambo ya reli wazee walikunja nyuso kama waliolamba shubiri. Kila mama alipopika ugali alichota kiganja kimoja cha unga akakiweka kando kwa ajili ya maskini, ingawa katika kijiji kizima ilikuwa vigumu kumpata mtu wa kumwita tajiri. Sisi watoto tuliahidi kuacha sukari, ahadi iliyokuwa rahisi kwa kuwa sukari yenyewe haikuwamo nyumbani. Juma la Mateso tulikutana kanisani kila jioni kusomewa habari za mateso ya Bwana, leo kipande hiki, kesho kile, mpaka alfajiri ya Pasaka tulipokwenda wote makaburini kabla jua halijachomoza. Hapo mzee wa kanisa alitaja majina ya ndugu waliofariki tangu Pasaka iliyopita, moja baada ya jingine, na kwa kila jina ushirika uliitikia, "Yuko kwa Bwana." Mzee huyo alikuwa baba yangu. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, na watu walikuwa wakisema kwamba kufa wakati yeye ni mzee wa kanisa si hasara sana, maana utatajwa vizuri.

Kaka yangu Daudi ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Alipozaliwa, mama akawa Mama Daudi na baba akawa Baba Daudi, kwani kwetu mtu akishazaa, jina lake la ubatizo hupumzika. Mimi Tabitha nilikuja miaka mingi baadaye, baada ya watoto wawili ambao hawakuishi. Daudi alipuliza tarumbeta kanisani, alicheka kwa sauti hata mahali pasipofaa, na alinibeba mabegani mpaka nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuona aibu. Kisha Waingereza walipoanza kung'oa msitu huko Urambo kwa mashine ili walime karanga, vijana wengi walikwenda kutafuta kazi, naye akaenda. Hazikupita siku nyingi habari zikafika nyumbani kwa garimoshi, maana umbeya haulipi nauli: Daudi anacheza ngoma kambini, Daudi anakunywa pombe. Baraza la wazee lilikaa, na Daudi akawekwa nje ya ushirika. Maana yake ilikuwa kwamba hatashiriki Meza ya Bwana, hatagusa tarumbeta, na akifa kabla ya kusimama mbele ya watu kutubu, hatazikwa ndani ya ua wala jina lake halitatajwa. Mjumbe mmoja aliomba kijana aonywe tu. Baba alijibu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na mambo yakaishia hapo.

Mwanzoni mwa Kwaresima ile Daudi alirudi. Alishushwa stesheni akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili, macho ya njano, homa imemla mpaka kaptula yake ikafungwa kwa kamba. Mama alimlaza katika chumba chake mwenyewe, akawa anamnywesha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimekaa mlangoni siku aliyomwambia, "Mama, Alhamisi Kuu nitasimama mbele ya watu. Mwambie baba." Mama alikwenda kumwambia baba huko shambani badala ya kungoja arudi, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha furaha, aliacha jembe akarudi nyumbani mchana kweupe, akakaa kando ya kitanda cha mwanawe. Kwa siku chache nyumba yetu ilikuwa na furaha. Mama alifua shati jeupe la Daudi akalikunja tayari kwa Alhamisi. Homa haikungoja. Daudi alikufa kabla Kwaresima haijafika katikati.

Wazee walikaa tena. Mama alishuhudia mbele yao kwamba mwanawe alikusudia kutubu, nao wakamsikiliza kwa upole, wakasema hawana shaka na maneno yake, lakini kusudio si toba. Toba ni mtu asimame mwenyewe. Kwa hiyo alizikwa nje ya ua wa minyaa, upande wa njia ya misafara, pamoja na wapagazi. Baba alichimba kaburi kwa mikono yake. Wakristo walisimama mbali kidogo, hawajui kama wanaruhusiwa kusaidia, na aliyeingia shimoni pamoja naye alikuwa Mzee Salumu, Mwislamu mwenye duka pale stesheni, mtu wa ukoo wa zamani wa Tabora mjini. Alivua kanzu, akaikunja, akachukua koleo. Baadaye watu walisema mengi juu ya mafundisho, na labda walikuwa na haki, lakini nilichoona mimi ni nani alikuwa na udongo magotini.

Mama hakulia sana mbele za watu. Siku ya pili au ya tatu baada ya msiba, baba alipokuwa akiota moto jikoni, alimwambia neno moja tu, na mimi nilikuwa nikichambua mboga pembeni. Alisema, "Baba Daudi, sikuombi kaburi. Hilo limekwisha. Nakuomba jina. Alfajiri ya Pasaka litaje mara moja tu, watu waitikie, nami sitakuomba kitu tena."

Baba alisukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Mwaka jana nilimruka mtoto wa Mama Eliza. Nikimtaja wangu, yule mwanamke nitamtazama kwa uso gani?"

Mama Eliza alikuwa mjane aliyeishi karibu na kisima. Kijana wake alikuwa amekufa akiwa nje ya ushirika vilevile, kwa kosa ambalo halikuzidi la Daudi, na Pasaka iliyotangulia baba alitaja majina yote akalipita hilo, mjane akiwa amesimama pale pale. Kwa hiyo wazazi wangu walikuwa na haki wote wawili, na sijaona jambo baya kuliko hilo ndani ya nyumba. Mama hakubishana. Alimtazama tu, akasema, "Nimekuomba," akarudi kwenye chungu chake. Tangu jioni ile hadi Pasaka kila mmoja wetu aliishi akingojea alfajiri ile.

Majirani nao walituonea huruma kwa njia yao. Waliona jina la marehemu linamchoma mama, wakaacha kumwita Mama Daudi. Wakaanza kumwita Mama Tabitha. Walifanya hivyo kwa wema, nina hakika. Lakini mama hakuitika. Angeitwa kisimani, "Mama Tabitha, hujambo," naye akaendelea kuteka maji kana kwamba anayeitwa yuko nyuma yake. Hata baba akajaribu nyumbani, kwa sauti ya chini, na mama hakugeuka. Ikabidi baba akohoe, au anitume mimi. Nilikuwa mtoto na hakuna aliyenieleza. Nilichojua ni kwamba mama yangu anaitwa kwa jina langu na hataki kuitika. Nililia peke yangu ghalani nikidhani kwamba hanipendi, na uchungu huo sikumwambia mtu.

Aliyebaki kumwita kwa jina lake la zamani ni Mzee Salumu. Yeye baraza la wazee halikumhusu. Mama akawa anakwenda dukani kila baada ya siku mbili tatu kununua chumvi kidogo, nami nikimfuata. Mzee Salumu angeinua macho kutoka kwenye cherehani yake na kusema, "Karibu, Mama Daudi. Nyumbani hawajambo?" Naye mama angesema, "Abee, hatujambo, Mzee," na uso wake ukalegea. Chumvi haikuwa imekwisha. Chungu chake kilijaa mpaka baba akauliza kama tunakusudia kufungua duka letu, na hakuna aliyecheka.

Alfajiri ya Pasaka tarumbeta zilitolewa kwenye magunia zikalia kijiji kizima. Tulikwenda makaburini na taa za chemli, majani yakitulowanisha miguu, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Mama alinishika mkono kwa nguvu hata nikaumia, lakini sikuutoa. Alikuwa na tumaini, nadhani. Usiku kucha baba hakulala, na mtu asiyelala huwa bado hajaamua. Alisimama mbele ya makaburi meupe, akavua kofia, akaanza. Alitaja bibi mmoja mzee sana, na sote tukaitikia, "Yuko kwa Bwana." Alitaja mtoto mchanga aliyeishi siku ya ubatizo wake tu, tukaitikia. Alitaja wengine. Kisha akanyamaza, na kila mtu pale alijua kwa nini. Nilimwona akivuta pumzi. Hakumtazama mama. Alitazama upande aliposimama Mama Eliza, akatazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti iliyopasuka, "Tuimbe."

Watu waliimba. Sauti ya mama, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaongoza wanawake, haikuwemo. Mkono wake ulilegea mkononi mwangu, akaniacha, akatembea mpaka kwenye ua wa minyaa na kusimama ameuelekea, akitazama ng'ambo, mpaka jua lilipotoka na watu wakaanza kwenda nyumbani wakipeana heri. Baba alimngojea mbali kidogo, kofia mkononi. Walirudi nyumbani wakiwa wameachana hatua nyingi, na mimi katikati yao, nisijue nimsubiri nani.

Siku ya pili yake Mama Eliza alikuja na karanga ndani ya kikapu. Baba hakuwepo. Alikaa kwenye mkeka, kisha akasema, "Dada, mimi nilikuwa namwombea mzee alitaje jina lile. Angelitaja la wenu, na la wangu lingepata njia. Mwaka ujao ningekwenda kwake nikamwambie: ulimtaja wako, nitajie na wangu."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Niliwahi kumwona akilia kabla ya hapo na baada ya hapo, lakini sikuwahi kumsikia akitoa sauti ile tena. Alimsindikiza mgeni mpaka njiani, aliporudi akanikalisha chini akaniambia, "Usimwambie baba yako aliyoyasema Mama Eliza. Hatayaweza." Sikumwambia. Baba aliishi miaka yake yote akiamini kwamba alimkosesha mkewe haki yake ili asimwongezee mjane uchungu, na mama alimwachia imani hiyo. Lakini kuitika hakuitika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wao walikuwa wazazi wawili, kila mmoja na wake.

Miaka ilikwenda. Mradi wa karanga ulikufa, Urambo wakaja kulima tumbaku, Mzee Salumu akazeeka, akarudi kwa nduguze Tabora na kufia huko. Mimi niliolewa nikazaa. Siku moja nilikuwa nyumbani kumwuguza baba, miguu yake imevimba, nami niko jikoni na mama. Baba aliita kutoka chumbani, kama alivyoita maelfu ya mara bila kujibiwa, "Mama Tabitha." Mama alikuwa akipepeta mtama. Akaweka ungo chini, akasema, "Abee." Akainuka akaenda kumpa maji. Nilibaki pale nikalia hata mwanangu akaogopa. Tangu utotoni nilitamani mama aitike kwa jina langu, na siku alipoitika nilielewa kwamba amechoka, na kwamba hapakuwa na mtu tena duniani wa kumwita Mama Daudi.

Sasa wote wamelala kule, baba na mama ndani, Daudi nje, ingawa nje yenyewe haipo tena. Ua wa minyaa ulikatwa, makaburi yaliongezeka mpaka yakaivuka njia ya misafara, na nikienda siwezi kuapa kwamba tuta ninalopalilia ni lake. Kanuni ile ya majina nayo ilifutwa. Niliuliza ilifutwaje, nikaambiwa ilikuwa ajenda ndogo katika kikao cha asubuhi, wakaimaliza kabla ya chai. Pasaka iliyopita nilikwenda Usoke. Kuna kipaza sauti siku hizi na viti vya plastiki kwa sisi wazee, na mchungaji ni kijana mwema ambaye angenitajia jina lolote kama ningemwomba. Alisoma majina yote, waliotengwa na wasiotengwa, kisha akamalizia, "Na wote ambao hatukuwataja." Watu waliitikia kwa sauti moja, wakaenda kunywa chai. Ni maneno mazuri, na ninajua Daudi yumo ndani yake. Ila mama hakuomba wote. Aliomba mmoja, na alimwomba baba.