Tuta Lililokataa Maji

Shangazi yangu hakujaliwa kukaa kitako. Chai huinywa akitembea. Nyuma ya nyumba yake, jirani na bahari, amekuwa akichanganya mchanga mtupu na samadi na majani ya mivinje, mpaka ukawa udongo mweusi unaoshika maji vizuri. Hata huo hakuuacha upumzike. Mwezi uliopita aliufukua, akauanika juani kuua wadudu, ukakauka kau. Kisha akapanda miche ya nyanya harakaharaka, akakimbilia kwa binti yake aliyejifungua. Kumwagilia akamwachia mumewe.

Mzee huyo, dereva mstaafu, alikuwa ameanza kusahau. Aliwahi kuacha sufuria jikoni mpaka ikaungua. Wanawe walishaanza kunong'ona kwamba ahamie kwa kaka yao mkubwa, mji mwingine, apate wa kumwangalia.

Shangazi aliporudi, miche yote ilikuwa imenyauka.

"Baba watoto, hukumwagilia?"

"Nimemwagilia, mke wangu. Asubuhi na jioni."

"Kwa hiyo hii imekufa kwa shibe?"

Mzee aliinama, akagusa jani lililokauka. "Basi labda nimesahau," akasema, akaingia ndani.

Shangazi akampigia simu yule mtoto mkubwa: aje Jumamosi amchukue baba yake. Alipokata simu, roho ikagoma kutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akakunja nguo, akazikunjua. Mwishowe akajaza ndoo, akaenda kumwagilia miche iliyokufa, ili mradi mikono ifanye kitu.

Maji yakateleza juu ya tuta na kukimbilia pembeni, kwenye mfereji mdogo yaliouchimba yenyewe. Mfereji ule haukuwa wa siku moja. Juu palikuwa pamelowa, lakini alipotia vidole, chini vumbi tupu. Udongo wenye mboji nyingi ukiwa na unyevu hunywa maji; ukikaushwa kabisa huyakataa, mpaka uloweshwe kidogokidogo huku ukikorogwa. Na aliyeukausha ni yeye, kwa kiherehere chake.

Akaingia mbio, mikono imejaa vumbi. Mzee alikuwa ameketi kitandani, begi limeshafungwa.

"Ulimwagilia!" shangazi akasema, machozi yakimtoka. "Kosa ni langu. Huendi popote."

Mzee aliweka mkono juu ya begi.

"Una hakika?" akauliza. "Maana hata mimi nilishaamini kwamba sikumwagilia."