Mwezi Niliomchagulia Bibi

Ukiniuliza mwezi mzuri wa kwenda Serengeti kwa kupitia upande wetu huu wa ziwa, nitakujibu bila kupepesa macho: mwishoni mwa Mei kuingia Juni. Masika yamekatika, barabara imeanza kushika, na nyumbu wamejaa upande wa magharibi. Nitakueleza mpaka mahali pa kunywa chai pale Magu. Nitakueleza vizuri kiasi kwamba hutakumbuka kuniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kufika. Sijafika. Kutoka kwangu Mabatini, hata kwa barabara mbovu ya miaka ile, gari lilikuwa linaondoka asubuhi na watu wanaona wanyama kabla ya chakula cha mchana.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu wanazaliwa na kidole cha sita. Mimi nilizaliwa na kibaraza. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza ufundi wa redio, nikaweka meza mbele ya nyumba na sikuondoka tena. Ilipofika miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa, redio kaseti ziliingia mjini kama kumbikumbi. Zilikuwa zinang'aa, zina taa za rangi na spika nne, na zilikuwa zinakufa kabla ya mwaka. Zikifa zinaletwa kwangu. Sasa niende wapi, na kwa nini? Dunia ilikuwa inakuja yenyewe kibarazani, ikiwa imeungua. Mke wangu alizoea kuwaambia majirani kwamba siku nyumba ikihama ndipo mumewe atasafiri.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anaishi mtaa wa Igogo kwa shangazi. Kila Jumamosi alitoka huko kwa miguu, na fimbo yake, kuja kunisalimia. Mimi kwenda Igogo ilikuwa mpaka pawe na msiba. Akifika alikuwa anasimama chini ya ngazi, hapandi.

"Hodi kwa mume wangu asiye na miguu!"

"Karibu. Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume wangu. Leo umetembea mpaka wapi? Chooni?"

Wateja walikuwa wanacheka, lakini hakuna aliyeshangaa. Kwetu bibi na mjukuu wake wa kiume ni watani. Yeye ni mke, wewe ni mume, na hakuna neno linalokatazwa. Atakuambia huna meno ya kutafuna mfupa, utamwambia amezeeka unatafuta mwingine. Mke wangu alikuwa anamwita mke mwenzangu, na wawili hao wakikaa kumenya viazi kazi yao ilikuwa ni kunisengenya mimi nikiwa palepale, chuma cha kulehemu mkononi. Katika mazungumzo ya namna hiyo ukweli na mzaha vinavaa nguo moja. Nalisema hili sasa kwa sababu nilijificha ndani ya nguo hiyo miaka mitatu.

Bibi alikuwa anataka kuwaona nyumbu. Alipokuwa binti mdogo alipelekwa kwa mjomba wake karibu na Lamadi, na alfajiri moja aliamshwa na sauti. Alikuwa anaiiga: kitu kati ya ng'ombe mwenye mafua na mzee anayekataa kitu. Wengi, wengi, mbali kidogo, wakipita. Mjomba akawakataza watoto wasitoke nje. Kulipopambazuka hapakuwa na kitu ila mavi na majani yaliyolala. "Nimezisikia sauti zao," alikuwa anasema, "sura zao sizijui. Hivi mtu atakufaje na sauti isiyo na sura?" Na pale anamalizia kwa utani: "Wenzangu waume zao wanawatembeza. Mimi nimeolewa na kisiki."

Nami nikajifanya mtaalamu wa majira. Juni akinikumbusha, nilisema nyumbu sasa hivi wako mtoni na mamba, wamechanganyikiwa, watatukanyaga. Agosti nilisema wameshavuka, tumechelewa, na vumbi lile kwa kifua chako, mke wangu? Oktoba nilisema mbung'o. Desemba barabara imekatika. Januari ada za shule. Februari jua. Nilikuwa na jibu la kila mwezi, na yote niliyatoa kwa sauti ya mwalimu wa jiografia, nikitaja pepo na nyanda na mwelekeo wa mvua, mpaka wateja wakaanza kuniuliza na wao. Mtu analeta redio ya gari, anaondoka na ushauri wa utalii. Hapo ndipo nilipopata jina la mtaalamu.

Utaalamu wangu wote ulikuwa unaning'inia ukutani nyuma ya meza. Ilikuwa kalenda ya picha za wanyama niliyopewa na muuza betri. Tembo Januari, twiga Februari, na Machi picha kubwa ya nyumbu, wamejaa ukurasa mzima, vumbi mpaka kwenye tarehe. Mwaka ule ulipokwisha sikuitoa, kwa sababu picha zilikuwa nzuri.

Kuna Jumamosi moja nairudia sana. Bibi alifika amechelewa. Hakupiga hodi ya utani. Alipanda ngazi moja moja, akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka fimbo kati ya magoti. Tulikuwa wawili tu.

"Mjukuu wangu," alisema, "miguu imeanza kukataa. Nipeleke."

Alisema mjukuu wangu. Nililisikia neno lile kabisa, kama unavyosikia redio ikibadilisha stesheni. Ningeweza kuweka chuma chini. Badala yake nikasema, "Mke wangu, sema ukweli, umechoka na mimi unataka kuolewa na nyumbu?"

Aliizungusha fimbo kati ya magoti. Kisha akacheka, akasema angalau nyumbu anatembea. Nikacheka na mimi, nikafurahi kwamba tumerudi kwenye utani, maana kule kwingine kulikuwa na kazi.

Hakuniomba tena. Aliwaomba akina mama wa jumuiya yake ya kanisani.

Walikuja kwangu wawili, Bibi na mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja Mhaya aliyekuwa mwalimu, anayeongea kama anasahihisha madaftari. Akina mama kumi na wanne walikuwa wamekubaliana kukodi basi dogo kwenda Serengeti na kurudi.

"Tumesikia wewe ndiye mtaalamu," alisema mwenyekiti. "Sisi tulifikiria Juni, watu wakiwa wamevuna."

"Juni ni vizuri," Bibi alidakia, "Juni hata mume wangu ana nafasi. Radi zimekwisha, redio haziungui. Atakaa mbele na dereva awe anatueleza."

Nilimtazama. Alikuwa amefikiria kila kitu. Ni kweli, kazi yangu ilikuwa inajaa wakati wa masika, radi za ziwani zinapopiga nyaya na umeme kukatika na kurudi kwa hasira. Juni nilikuwa nakaa tu. Juni sikuwa na pa kujificha.

Nikageuka kama mtu anayewaza, nikaona kalenda.

"Machi," nilisema.

"Machi?" Mwenyekiti alikunja uso. "Machi mvua zimeanza. Na tena ni Kwaresima, baba. Kwaresima ni ya toba, si ya matembezi."

"Basi fungeni njiani," nikamwambia. "Mama, mkitaka swala na nyani nendeni Juni. Mkitaka nyumbu ni Machi. Majani mapya ndiyo yanawavuta. Hilo ni jambo la kitaalamu." Nikaonyesha ukutani kwa bisibisi.

Sitasema sikujua. Kidato cha nne kilinifundisha angalau kwamba kalenda hupangwa na mchapishaji, si na nyumbu. Ila sikuuliza. Kulikuwa na dereva wa watalii ambaye redio ya gari lake ilikuwa mezani kwangu siku ileile, ningemuuliza tu. Kalenda ilikuwa shahidi, hakimu alikuwa uvivu wangu.

Bibi alikuwa ananiangalia mimi, haangalii kalenda. "Mume wangu akisema Machi," alimwambia mwenyekiti, "ni Machi."

Walikwenda Machi. Siku ile nilikuwa na redio kumi na moja zilizoungua na nilizitaja kwa kila aliyepita, kama vile nimezizaa. Mvua ilinyesha kuanzia mchana. Mke wangu alitoka mlangoni mara tatu kuangalia wingu lililokaa upande wa Magu, kila mara anarudi ndani bila kuniambia kitu, na kwa mke wangu huo ndio ukali.

Jumamosi iliyofuata Bibi hakuja. Ilibidi niende Igogo. Nilimkuta ukumbini kwa shangazi, amenyoosha miguu kwenye kigoda, imevimba, kitenge chake kimeanikwa nje kikiwa bado na madoa ya udongo mweusi wa mbugani.

"Shikamoo, mke wangu. Habari za nyumbu?"

"Marahaba, mume wangu!" Uso wake ulichangamka. "Usiniulize. Wamejaa! Kama siafu. Huku wao, huku wao, gari likapita katikati. Sura zao mbaya kama wewe."

"Na sauti?"

"Ileile," alisema. Akaiiga tena, mafua na ukaidi, tukacheka wote. Nilirudi Mabatini nikipiga mluzi. Nilimwambia mke wangu, unaona? Machi!

Zilipita kama wiki tatu, mwenyekiti akaja na pasi iliyokatika waya. Nikampokea kwa mbwembwe, nikamuuliza kama wananikumbuka kwa sala kwa ule ushauri wangu.

Alikunja waya wa pasi taratibu.

"Baba," alisema, "hata mkia hatukuona."

Nilidhani ananitania.

"Tulikwama kwenye tope tangu saa sita mpaka saa kumi. Tulisukuma, na viatu tukaviacha hukohuko. Tuliona twiga wawili, wametugeuzia mgongo. Askari wa hifadhi alituuliza nani aliyetushauri Machi, nyumbu wote wako kusini kule wanazaa. Bibi yako alikuwa amekaa juu ya dumu kando ya barabara, mvua inamnyeshea, maana ndani ya gari alisema anaongeza uzito. Na tulipokuwa tunarudi alituapisha. Alisema, yeyote asimwambie mume wangu, atafedheheka mbele ya wateja."

Akaniwekea pasi mezani. "Mimi sikuapa," alisema. "Nilikuwa nasukuma."

Ukisoma mpaka hapa utadhani Juni nilimpeleka. Nilikuwa nimekusudia. Hata yule dereva wa watalii nilimuuliza, akaniambia yote haya ninayokuambia leo, na akakubali kutubeba siku gari likiwa tupu. Nikaenda Igogo, mara ya pili mwaka huo bila msiba, shangazi akadhani nimefukuzwa na mke wangu.

"Mke wangu," nilisema, "jiandae. Wiki ijayo nakupeleka kwa nyumbu."

"Tena? Si nimeshawaona?"

"Twende ukawaone na mimi."

"Mume wangu, nimeshawaona," alisema. Miguu ilikuwa kwenye kigoda. Alikuwa ananitazama machoni, anasubiri, na mimi nilijua anachosubiri. Nikisema najua hukuwaona, najua ulinidanganya kwa ajili yangu, itabidi niseme na mimi nilikudanganya, na kwa ajili ya nani. Baada ya hapo angekubali kuja. Nina hakika. Ilikuwa sentensi moja tu, na haikuwezekana kuisema kwa utani.

"Haya," nikasema. "Kama umewaona, umewaona."

Nikarudi nyumbani. Sitaficha kwamba nilipokuwa napanda ngazi zangu kitu fulani ndani yangu kilishusha pumzi, kwa sababu safari imevunjika na jioni ile nitakunywa chai yangu mahali pangu palepale. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko Machi.

Bibi alifariki mwaka uliofuata, vuli ikiwa bado haijaanza. Ilikuwa presha, na ilikwenda haraka.

Msiba wa bibi kwetu una wajukuu wake. Watoto wanalia, wajukuu wanatania, ndiyo desturi, na watu wanangojea. Binamu yangu mmoja alivaa kitenge chake na kushika fimbo, akazunguka turubai akiwauliza wazee mbona hawajaoga. Mwingine akajilaza mbele ya jeneza, hataki litoke mpaka mke wake aamke ampikie. Kisha zikaanza sauti kutoka kwenye viti: "Mgane yuko wapi? Mume wa Mabatini! Aje aseme mkewe alimfanya nini!"

Mke wangu akanisukuma kwa kiwiko. Nikasimama. Watu walishaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, maana kuniona mimi nimetoka nyumbani tu kulikuwa kichekesho tosha.

"Mke wangu aliniomba nimpeleke kuwaona nyumbu," nilisema. "Miaka mitatu. Nikamwambia aende Machi. Machi hakuna nyumbu. Nilisema Machi kwa sababu sikutaka kutoka kwangu."

Turubai lote lilicheka. Mzee mmoja alishika mbavu, akasema kijana huyu anajua kutania.

"Ni kweli," nikasema. "Alinyeshewa mvua juu ya dumu. Ilikuwa uvivu tu."

Wakacheka zaidi, wengine wanafuta machozi, na binamu yangu mwenye kitenge akaja akanipiga mgongoni kwa fimbo, "Kisiki hiki! Kisiki hiki!" Nilimtafuta mwenyekiti kwa macho. Alikuwa kwenye safu ya akina mama wa jumuiya, amekaa wima, yeye peke yake hacheki. Nilingoja atikise kichwa, au anikunjie uso, chochote. Aliinuka akaenda kuwaonyesha wabebaji mahali pa kupitisha jeneza.