Ndoto za Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Mama mkwe wangu sikumwamini tangu siku nilipoingia bomani mwake, huku Shinyalu, uhuru ukiwa bado mpya. Alikuwa Mnandi. Aliolewa kwetu zamani, wakati wa njaa, akazeeka akisema Kiluhya kama sisi. Lakini mimi nilitoka Kabras, na Wanandi walikuwa wamechukua ng'ombe wa baba yangu mara mbili. Kwamba vijana wetu nao walipanda kule juu kuchukua wa kwao, hilo sikulitia maanani.

Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa na kazi ya reli na alirudi kwa likizo tu. Tulibaki sisi wawili, mimi na mama huyo, na ng'ombe watatu.

Mama alisifika kwa ndoto. Akiamka akasema ameota ng'ombe wakilia msituni, majirani hawakubishana naye. Siku hiyo hiyo walihamisha mifugo kwa ndugu zao waliokaa karibu na mji wa Kakamega. Na kweli wezi walikuja, wakakuta mazizi matupu. Kwetu mtu anayeota hivyo ana heshima yake. Wazee wenyewe walimletea kuku.

Mimi nikaanza kuchunguza. Mama alikuwa na kaka yake, mzee mwembamba wa masikio marefu yaliyotobolewa, ambaye alishuka kwa njia ya msituni kubadilishana maziwa na mahindi. Alileta kibuyu cha maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa, akaketi na dada yake nyuma ya nyumba, wakaongea Kinandi kwa sauti ya chini. Nikipita na kuni, wananyamaza. Baada ya muda nikagundua kwamba ndoto hazikuja ila baada ya kibuyu. Kibuyu leo, ndoto kesho. Jamani, ni nani anayeota kwa kufuata mgeni?

Ningemwuliza mwenyewe. Badala yake nilikwenda kwa naibu wa chifu.

Naibu huyo alikuwa amenizungukia kitambo, akiniuliza kwa upole kaka wa mama anakuja lini na wanasema nini. Serikali sasa ni yetu, aliniambia, na anayemficha adui ni adui. Nilijiona mtu wa maana, siwezi kudanganya. Nikamweleza habari ya kibuyu na ndoto, naye akaniagiza niendelee kutazama mpaka mzee arudi. Basi nikawa nakula obusuma, ugali wetu, na yule mama katika sahani moja huku nikimpeleleza. Akinisogezea kipande cha nyama, najiuliza anataka nini kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nilikuwa namtazama yeye.

Kaka yake aliporudi, nilituma habari kwa naibu, naye akawaita askari. Mama akanimiminia maziwa kama kawaida. Sijui nini kilinipata, nilishindwa kuyanywa. Nikasema tumbo linauma.

Askari walimngoja mzee kwenye kijia alipokuwa akirudi. Walimpiga, wakakipasua kibuyu chake, kisha wakampeleka, akafungwa kwa kushirikiana na wezi wa mifugo. Mama naye aliitwa barazani. Akaambiwa ashukuru kwamba hafukuzwi. Hakulia mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akapepeta mahindi, akalala.

Tangu hapo hakuota tena. Miezi ikapita, uvumi ukaanza kwamba kuna watu wameonekana msituni, na majirani wale wale waliomsuta barazani wakaja mmoja mmoja, wakiona aibu, kumwuliza kama ameona kitu usingizini. Aliwajibu wote neno moja.

"Aliyekuwa akiniotea mmemfunga."

Walidhani uzee umemchanganya. Mimi nilielewa papo hapo, na nikaogopa sana. Mume wangu alikuwa amekuja likizo wiki ile. Nilitaka kumwambia tuhamishe ng'ombe, lakini angeniuliza nimejuaje, na ningelazimika kusema mengine. Nikawafunga ng'ombe zizini kama kila siku.

Wezi walikuja alfajiri. Ng'ombe wetu watatu wakaenda, na mume wangu, ambaye hakuwahi kuwa mtu wa vita, akawakimbilia na panga. Mshale ukamwingia begani. Alipona, lakini mkono wa kulia haukuinuka tena, na reli wakamwachisha kazi. Mpaka leo mimi ndiye ninayemfungia vifungo vya shati.

Asubuhi ile mama alimwosha jeraha, mimi nikiushika mkono. Alianza kusema bila kuulizwa. Kaka yake alimwambia siku ambayo wezi wanakuja, naye akatuambia sisi kwa jina la ndoto, maana habari ya Mnandi nani angeipokea? Lakini na yeye alimwambia kaka yake nyumba zenye bunduki, ili wa kwao wasipite hapo.

Nikaruka. Nikamwambia kumbe ni kweli, alikuwa anawasaidia.

"Niliwasaidia nyote," alisema. "Ng'ombe wengine walienda, lakini watu walibaki hai. Huyu ninayemwosha ni mwanangu. Aliyempiga mshale, huenda ni mtoto wa kaka yangu. Wewe ungemchagua nani?"

Nilimwambia tu kwamba aliyemsemea kaka yake kwa naibu ni mimi. Nikangoja anifukuze, anilaani, chochote.

Hakuinua macho. Alikuwa akikunja kitambaa cha kufungia.

"Nilijua," alisema. "Nilijua siku ulipokataa maziwa. Shika mkono wake vizuri."