Swali la Jenereta

Mtu aliyekulia kwenye stima za kupoteapotea hakalii kiti kinachoning'inia hewani kabla ya kuuliza jenereta iko wapi. Nami niliuliza. Mhudumu wa lifti ya viti vya kutupandisha mlimani, mzee wa ndevu zilizoshika barafu, hakushangaa hata kidogo. Alinionyesha kibanda kule juu mlimani, akasema kuna injini ya dizeli na mzee mwenzake huijaribu kila asubuhi.

Binti yangu, miaka kumi na mitatu, aliivuta kofia mpaka ikamfunika macho. Aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba hapa si Kenya na ninamwaibisha. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimeendesha gari saa moja na nusu kutoka Alexandria ya huku ughaibuni, si ile ya mafarao, na asubuhi nzima nimeanguka nikijifunza kuteleza kwenye theluji mbele za watu kwa ajili yake. Ningeaibika zaidi ya hapo kivipi?

Nyumbani nilikuwa fundi wa stima. Miaka kumi na moja nilipanda nguzo, nikafungua transfoma, nikatukanwa na mitaa mizima iliyokaa gizani. Huku naogesha wazee na kuwalisha, na mtoto wangu ananijua kwa sare ya kazi hiyo tu. Alikuwa mdogo sana tulipohama.

Tulikuwa katikati ya mlima lifti iliposimama. Kiti kikayumba. Chini yetu palikuwa na mawe yaliyochomoza kwenye theluji, urefu wa ghorofa mbili hivi. Vijana wa kiti cha nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba chini ni laini, mtu anaweza kuruka. Nilimwona binti yangu akikiinua kile chuma cha kutuzuia, pumzi zikimwenda mbio, macho yakiwa kwenye mawe.

Nikamshika koti kwa mikono miwili na kumwambia, kwa Kiswahili, asithubutu kusogea.

"Tazama taa za nguzo. Zimezima. Sikiliza, hata muziki wa mkahawa umenyamaza. Stima zimepotea mlima mzima, lifti haijaharibika."

Akaniuliza kama kamba itakatika au kiti kitatupiga shoti.

"Kitupige shoti kwa stima gani? Kiti hakina hata waya. Stima inaingia kwenye mota tu, kule juu. Mota inazungusha gurudumu kubwa, gurudumu linavuta kamba, na kamba inatubeba sisi. Stima ikikatika, breki inalishika gurudumu ili tusirudi nyuma. Sasa yule mzee wa juu anaitoa mota, anaunganisha dizeli. Kazi hiyo haitaki haraka. Mngoje."

"How do you know?"

"Nilikuwa fundi wa stima tangu hujazaliwa."

Alinitazama kama mtu aliyeketishwa kando ya mgeni. Halafu akakiteremsha chuma, akajibana kwenye ubavu wangu. Baridi ilikuwa kali, pua zetu zilikuwa zinachuruzika, na sikuwa nimeona raha kama ile kwa muda mrefu.

Dizeli ilikohoa mara mbili, ikashika. Kiti kikaanza kusogea polepole kama foleni ya benki. Vijana wa nyuma wakashangilia kwamba stima zimerudi, na mimi, kwa mazoea mabaya, nikageuka kuwasahihisha: hazijarudi, hiyo ni dizeli. Safari hii binti yangu hakuvuta kofia. Alicheka.

Tulipofika juu, yule wa kibandani alikuwa mlangoni, mikono myeusi kwa mafuta, akiwapa watu pole. Tulishuka vizuri, yaani nilianguka mara moja tu. Kabla sijasimama nikamsikia binti yangu akimwambia mzee yule, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba mama yake ni fundi wa stima na anaomba kuiona injini.

Sikuwa nimeomba chochote. Miaka saba nimekuwa nikijiambia kazi ile niliiacha uwanja wa ndege. Nikajipangusa theluji magotini, nikavua glavu na kuingia kibandani.