Sturjeni Ndani ya Stoo Yangu

Naomba nieleweke mapema: mimi si mtu wa samaki. Nimekulia Tandika, samaki namjua akiwa kwenye kikaango au akiwa kwenye gazeti anavuja mafuta. Guangzhou nimekuja kutafuta nguo. Nanunua soko la Kangle, nafunga marobota, mume wangu anayapeleka bandari ya Huangpu kupakia kontena, basi. Kwa hiyo mtu akiniuliza imekuwaje nikajua kwamba samaki aitwaye sturjeni akikaa kwenye maji ya vuguvugu anaanza kulala ubavu, nashindwa hata nianzie wapi. Nianzie kwa baba mkwe, maana ndiye aliyeyaleta yote.

Baba mkwe alikuwa bwana samaki. Kazi yake yote aliifanya kwenye mialo ya Ziwa Victoria, anapima samaki kwa rula, anachoma nyavu zenye macho madogo, anawatoa watu majini msimu ukifungwa. Kustaafu amestaafu, lakini kazi haijamtoka. Mume wangu alimleta atutembelee, apumzike, aone maghorofa. Maghorofa aliyaona siku ile ile tulipomtoa uwanja wa ndege wa Baiyun, akasema mazuri. Kesho yake akauliza mto uko wapi.

Sasa kwao, mkamwana na baba mkwe hawasemeshani ovyo. Simtazami usoni, sikai alipokaa, simwambii hapana. Na yeye hanitumi moja kwa moja. Akiwa na neno, linapitia kwa mwanawe. Utaratibu mzuri tu, huko ambako mwana yuko chumba cha pili. Hapa mwana yuko Huangpu bandarini tangu asubuhi, anagombana na watu wa clearing. Basi baba mkwe anakaa kwenye kochi, mimi nimesimama mlango wa jikoni, anachukua simu anapiga Huangpu: "Mwambie mwenzio chumvi imezidi." Nimesikia! Nipo hapo hapo na mwiko mkononi! Simu yangu inaita. "Mama, baba anasema chumvi imezidi." Jamani. Nilikuwa nasema asante, nakata, narudi jikoni kuongea na sufuria.

Nilimpeleka sokoni abadilishe mawazo, nikajimaliza mwenyewe. Kwenye matenki ya samaki hai akamkuta huyu sturjeni, ambaye mimi miaka yote nilimpita bila kumwangalia mara mbili. Pua ndefu iliyochongoka, ndevu chini ya mdomo kama za kambale, na mgongoni safu ya magamba magumu ya mifupa kama meno ya msumeno. Baba mkwe akainama. Akakumbuka lile tangazo la ukingo wa mto nililokuwa nimeshamsomea, linalosema mto umefungwa kwa uvuvi. Akatazama tena tenki. Nikaona anatoa simu.

"Mwambie mwenzio amuulize huyu bwana," akaiambia Huangpu, "samaki huyu amevuliwa wapi na msimu umefungwa?"

Muuzaji, laobani, yaani mwenye duka, mmoja mnene mwenye mabuti ya mpira, aliniambia wa bwawani, nunua au sogea. Nikajua yameisha. Kumbe ndiyo kwanza. Kila siku baba mkwe alirudi na swali jipya, nami nikageuzwa wakili wa samaki. Wa porini anavuliwa mwezi gani? Nikauliza, nikatafuta kwenye simu, nikajibu kupitia Huangpu: hakuna mwezi. Wa porini ni marufuku mwaka mzima, amekaribia kwisha, na akinasa kwa bahati mbaya anarudishwa majini na wakubwa wanaarifiwa. Je, wa bwawani? Wa bwawani ana karatasi zake, analiwa mwaka mzima. Na mto wenyewe? Unafungwa kuanzia mwezi wa tatu hadi mwisho wa mwezi wa sita, wazaliane. Na huyu wa bwawani, mtu akimtia mtoni? Hilo nilitaka kulijibu "sijui" ili nipate kupumzika, lakini alikuwa ameshalitafuta mwenyewe na simu yake ya kutafsiri. Hairuhusiwi. Wengi wa bwawani ni chotara, si wa mto ule, watawaharibu wenyeji. Alifurahi sana siku hiyo, akaomba ugali mwingine. Kupitia Huangpu.

Chini yetu anakaa mama mwenye nyumba. Tunamwita ayi, ndivyo wanavyowaita mama wadogo na shangazi huku. Ni mtu mzima, mkimya, mpole kwetu, na wageni kupata mwenye nyumba mpole mji huu si jambo la mchezo. Mumewe alikuwa hospitali, mapafu, anangoja upasuaji siku ya Alhamisi. Jumatano asubuhi ayi akagonga mlango. Ana ndoo kubwa yenye mfuniko, anaomba tumsaidie kuibeba hadi mtoni. Imani yao ni kwamba ukimnunua kiumbe anayekwenda kuchinjwa ukamwachia huru, uhai uliompa unamrudia mgonjwa wako. Alikuwa amechagua mkubwa kuliko wote sokoni.

"Huyu akiishi, na mzee wangu ataishi," akaniambia.

Akafunua mfuniko. Pua ndefu, ndevu, meno ya msumeno mgongoni. Mungu wangu, nikasema moyoni, soko zima lina kambale, lina kasa, lina konokono, mama wa watu umeona huyu tu?

Baba mkwe alibeba ndoo yeye mwenyewe, akakataa nimpokee. Nikajipa moyo, nikasema labda ameelewa, mgonjwa ni mgonjwa. Tukafika kwenye ngazi za kushukia majini. Ayi akafumba macho, akaanza kuomba. Baba mkwe akaitua ndoo, akairudishia mfuniko, akakaa juu yake. Kisha akatoa simu.

"Mwambie mwenzio amwambie huyu mama, samaki huyu hatiwi mtoni."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Simu yangu ikaita. Nilitaka kuitupa majini, nayo ijiokoe. Nikapokea, nikamwambia mume wangu kwa sauti ya chini yenye sumu, "Mwambie baba yako mume wa ayi anapasuliwa kesho." Akasema, "Mama, lakini baba yuko sahihi." Sahihi! Nani alikuuliza usahihi? Wewe uko Huangpu na makontena yako, mimi niko hapa kati ya mama anayeomba na mzee aliyekalia ndoo!

Ayi akafumbua macho, akaniuliza mzee amechoka? Nikasema ndiyo, amechoka kidogo, ana magoti. Nilikuwa tayari kusema uongo hadi jioni. Lakini baba mkwe akamnyooshea ayi simu ya kutafsiri, kanuni yote iko pale kwa Kichina. Ayi akavaa miwani. Akasoma polepole, akarudia juu, akasoma tena. Nilingoja atutukane. Angetutukana ningemshukuru.

"Kumbe," akasema. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba jambo jema likifanywa kwa kuvunja katazo, haliendi kwa mgonjwa. Linaweza hata kumgeukia. Hawezi kumtia mtoni. Sokoni hawezi kumrudisha, laobani atamuuza kwa mgahawa kabla ya chakula cha mchana. Kumla ndiyo usiseme. Lazima aishi, na hana pa kuishi.

Ayi akanitazama mimi. Baba mkwe akatazama mto, lakini najua alikuwa ananitazama mimi. Stoo yangu ya marobota iko chini ya nyumba, haina dirisha, ina kiyoyozi, na ni mali ya ayi.

Ningesema nini? Tulipofika nyumbani marobota ya madera yalisogezwa pembeni, likaletwa tenki la plastiki la bluu na pampu ya hewa, na sturjeni akaingia kwenye stoo yangu kama mpangaji mwenye mkataba. Nililia, si utani. Nilikaa juu ya robota nikalia kwa hasira.

Alhamisi ayi alikwenda hospitali alfajiri. Siku yenyewe joto, na umeme mtaani ukakatika, wanatengeneza nyaya. Nilirudi kutoka Kangle mchana nikakuta mlango wa stoo wazi. Baba mkwe yuko ndani, suruali imelowa hadi mapajani, anavunja barafu ya muuza vinywaji na kuidondosha kwenye tenki, kisha anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa. Samaki amelala ubavu. Sikuuliza kitu. Nikatupa mkoba, nikachukua kikombe kingine. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe baba mkwe akaniambia neno bila kupitia kwa mtu.

"Polepole, mama," akasema. "Usimshtue."

Tulimwaga maji hadi mikono ikafa ganzi. Umeme ukarudi, pampu ikaanza kunguruma, na sturjeni akajigeuza taratibu akakaa sawa. Ayi aliporudi alipitia stoo kabla ya kwenda kwake. Aliona samaki anazunguka, akashika ukuta. Mzee wake alikuwa ametoka salama kwenye upasuaji.

Baba mkwe akarudi zake Mwanza, ameniachia maelekezo na samaki. Maji ya bomba yalale kwanza yatoke dawa. Chakula kizame, anakula chini. Barafu kila mchana. Anapiga simu moja kwa moja siku hizi, mila imekufa kwa ajili ya sturjeni, na salamu ya kwanza si ya mwanawe wala yangu: "Huyo anaendeleaje?" Wateja wangu Kariakoo wananitumia sauti, dada mbona mzigo wako unanuka shombo? Kiyoyozi hakizimwi. Nimemwomba mume wangu anitafutie bwawa la kumpeleka, kila siku kesho. Nimemtukana yule samaki kwa Kiswahili na kwa Kichina, na yeye anapita tu na ndevu zake.

Mzee wa ayi aliishi kiangazi kizima. Alishuka ngazi ameshika ukuta, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya tenki, pumzi fupi, anamwangalia samaki. Alisema anafanana na mjomba wake. Nilifunga marobota yangu yeye akiwa pale, tumezoeana, hatuongei. Lakini mapafu ni mapafu. Baridi ilipoingia alirudi hospitali, na safari hii hakutoka.

Sikujua nimfanyie nini ayi. Nilipika, nikampelekea, nikakuta chakula cha jana hakijaguswa. Baada ya mazishi akashuka stoo, mimi nahesabu madera ya Krismasi. Alisimama kando ya tenki, mkono ameuweka ukingoni. Samaki alikuwa mzima, amenenepa, hana habari.

"Sasa mnaweza kumla," akasema. "Hana kazi tena."

Miezi yote ile nilikuwa naliomba neno hilo. Nilikuwa nimeshapanga hadi pa kuweka marobota. Nikamtazama ayi, ule mkono wake hauachii ukingo, vidole vimekuwa vyeupe.

"Hairuhusiwi," nikamwambia.

"Hata wa bwawani?"

"Hata wa bwawani. Msimu umefungwa."

Uongo mtupu. Yule ukitaka unamla kesho, na karatasi zake. Na ayi ameishi mji huu tangu azaliwe, amewaona sokoni maisha yake yote, amesoma kanuni ile kwa macho yake mwenyewe mara mbili.

"Utafunguliwa lini?" akauliza.

"Sijui, ayi. Baba mkwe wangu bado anafuatilia."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta kile kiti cha plastiki, akakaa, akajifuta macho kwa kiganja, kisha akaniuliza kama samaki ameshakula.

"Bado," nikasema, nikaenda kumletea kopo la chakula amlishe mwenyewe.